Ripoti Ilisema "Kawaida": Kisa cha Viinitete Vilivyokoma Baada ya Siku ya Tatu

Siku tulipokaa kujadili jaribio la tatu la IVF, yaani kurutubisha mayai nje ya mwili, la wenzi hawa, mezani kulikuwa na mafaili mawili. La mke lilikuwa nene, limefungwa kwa mpira ili karatasi zisimwagike. La mume lilikuwa na karatasi moja.

Karatasi hiyo niliisaini mimi. Nafanya kazi katika maabara ya viinitete, yaani mayai yaliyorutubika na kuanza kukua, upande ambao wagonjwa hawauoni. Mayai na mbegu hunifikia kwenye vyombo, na wenyewe nawajua kwa namba zao. Chini ya vipimo vya mume nilikuwa nimeandika neno moja, "kawaida". Kisa hiki nakiandika kwa idhini yao, baada ya kuondoa au kubadilisha kila kinachoweza kuwatambulisha, kwa sababu neno lile lilituziba macho sote kwa miezi 14.

Mke alikuwa na miaka 33, mume 38. Walikuwa wametafuta mtoto kwa miaka minne. Katika mwaka wa pili mke alishika mimba bila msaada wowote, ikaharibika wiki ya saba. Baada ya hapo, kimya. Tulipofanya jaribio la kwanza la IVF mimba ilishika, ikatoka wiki ya nane. Jaribio la pili halikushika kabisa.

Ndani ya faili la mke mlikuwa na vipimo vya homoni vilivyorudiwa mara tano, picha ya mirija ya uzazi, kamera iliyopitishwa kitovuni, kamera iliyoingizwa ndani ya kizazi, vipimo vya tezi ya shingo, vya kuganda kwa damu na vya kromosomu. Hakuna kilichoonyesha kasoro. Hifadhi yake ya mayai ilikuwa nzuri kwa umri wake. Alikuwa ameambiwa apunguze mawazo, alale zaidi, apunguze uzito wa kilo nne. Alifanya yote.

Mume alikuwa ameombwa kikombe kimoja cha manii.

Maana ya mstari

Karatasi yake ilisomeka hivi: ujazo mililita 2.6, mbegu milioni 34 kwa kila mililita, zinazokwenda mbele asilimia 36, zenye umbo zuri asilimia 4. Mwongozo wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la mwaka 2021, unaweka viwango vya chini kuwa mililita 1.4, milioni 16, asilimia 30 na asilimia 4. Kwa hiyo mume alivuka kote, ingawa kwenye umbo alikuwa amekanyaga mstari wenyewe.

Lakini mstari huo ulichorwaje? Zilichukuliwa sampuli za wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, zikapangwa kutoka ya chini hadi ya juu, na mstari ukawekwa pale ambapo asilimia 5 ya chini inaishia. Basi. Haukuchorwa kutenganisha wenye uwezo wa kuzaa na wasio nao. Kuna wanaume walio chini ya mstari ambao ni baba, na wapo walio juu yake ambao hawajawahi kupata mtoto. Tena vipimo hivi vinne vinahesabu mbegu, vinatazama zinavyoogelea na kuangalia sura zake. Hakuna hata kimoja kinachofungua mzigo uliomo kichwani mwa mbegu, yaani DNA yenye maelekezo ya kurithi, na mzigo huo ndio sababu ya safari yote.

Haya nilijifunza zamani. Bado niliandika "kawaida" na kwenda kwenye sampuli iliyofuata.

Siku tano kwenye sahani

Kilichonirudisha nyuma ni karatasi za kufuatilia viinitete. Katika majaribio mawili tulikuwa na mayai 15 yaliyorutubika, manane la kwanza na saba la pili. Siku ya kwanza yote yalionyesha viini viwili, cha mama na cha baba, vimekaa ubavu kwa ubavu. Siku ya pili seli nne. Siku ya tatu viinitete 13 kati ya 15 vilikuwa na seli saba au nane, zimelingana, hazina vipande vingi vilivyomeguka. Nakumbuka niliwaambia wauguzi kwamba kundi hili ni zuri.

Siku ya nne vikasimama. Havikuoza wala kuvunjika, vilibaki tu vilivyokuwa jana. Siku ya tano, wakati kiinitete kinapaswa kuwa blastosisti, yaani tufe lenye uwazi wa maji katikati na fungu la seli zitakazokuwa mtoto, tulikuwa na viwili, na kimoja kilikuwa hafifu. Kwa kawaida asilimia 40 hadi 50 ya mayai yaliyorutubika hufika hapo. Tulitarajia sita au saba.

Siku ya tatu ina maana yake. Mpaka hapo kiinitete cha binadamu kinaishi kwa akiba ya mama: yai lilipokuwa linakomaa lilijiwekea protini na maelekezo ya kutosha kuendesha migawanyiko ya mwanzo. Jeni za kiinitete chenyewe, za mama na za baba zikiwa pamoja, huanza kufanya kazi kwa nguvu kati ya hatua ya seli nne na ya seli nane. Ni kama kitabu cha maelekezo kilichofungwa kwa siku mbili za mwanzo. Ukurasa uliochanika haumsumbui mjenzi mpaka aufikie.

Mbegu huleta vitu zaidi ya DNA. Huleta protini inayoliamsha yai kwa mawimbi ya kalsiamu, bila hiyo urutubishaji haukamiliki. Huleta pia sentrioli, kiungo kidogo kinachosaidia kupanga mgawanyiko wa kwanza, kwani yai la binadamu huwa limeshapoteza la kwake. Hata mitokondria za mbegu, vinu vyake vidogo vya nishati, huingia ndani ya yai, lakini hizo huharibiwa. Mbegu yenye hitilafu kwenye uamshaji au kwenye sentrioli huonekana mapema: yai halirutubiki, au seli zinagawanyika ovyo siku ya kwanza na ya pili. Kwa wenzi hawa hatua hizo zilipita vizuri mno. Tatizo lilikuja pale kitabu cha baba kilipofunguliwa, na wataalamu huliita athari ya baba inayochelewa.

Sitaki kulisafisha yai kwa kumtupia mzigo mwenzake. Viinitete hukoma siku ya tatu na ya nne kwa sababu za upande wa mama pia, na makosa mengi ya idadi ya kromosomu hutokana na yai, yakiongezeka kadiri umri wa mwanamke unavyosogea. Lakini huyu alikuwa na miaka 33, mayai yake yalikomaa vizuri, na tulikuwa tumemchunguza kila pembe. Upande wa pili hatukuwa tumeugusa.

Jambo moja zaidi linaniuma katika karatasi zile. Baada ya jaribio la kwanza kuharibika, tuliamua jaribio la pili tudunge mbegu moja moja ndani ya kila yai kwa sindano. Njia hiyo iliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1992, na kwa mwanaume mwenye mbegu chache ni ukombozi wa kweli. Huyu hakuwa na uchache wa mbegu. Tulidhani tunamsaidia kwa kumchagulia iliyo bora, kumbe jicho langu kwenye hadubini huchagua mwendo na sura tu. Mbegu yenye DNA iliyokatika inaweza kuogelea vizuri na kupendeza.

"Hakuna aliyeniuliza"

Tulimwomba mume aonane na daktari wa mkojo na uzazi wa kiume. Daktari alimwambia asimame, ashushe suruali, avute pumzi na kuikaza. Haikuchukua dakika mbili. Upande wa kushoto wa mfuko wa korodani kulikuwa na mishipa ya vena iliyovimba na kusokotana kama mizizi, inaonekana kwa macho hata kabla ya kugusa. Hiyo ni varikosili ya daraja la tatu, la juu kabisa katika upimaji wa mkono.

Mume akasema, "Daktari, hiki kitu nakijua tangu niko shule. Hakijawahi kuniuma, na hakuna aliyeniuliza."

Varikosili huonekana kwa takriban asilimia 15 ya wanaume wote, na kwa asilimia 35 hadi 40 ya wanaotafuta mtoto wa kwanza bila mafanikio. Mara nyingi hukaa kushoto, kwa kuwa vena ya korodani ya kushoto ni ndefu na huingia kwenye vena ya figo kwa pembe ya mraba. Vali zake zikilegea damu hurudi chini na kutuama. Korodani zimewekwa nje ya mwili ili zikae kwenye joto lililo chini ya la ndani kwa nyuzi mbili hadi nne. Damu ya moto ikituama pale, joto hupanda, na pamoja nalo huongezeka molekuli kali za oksijeni zinazotafuna mafuta ya ngozi ya mbegu na kukata nyuzi za DNA.

Seli nyingine mwilini ikikatwa DNA hujitengeneza. Mbegu iliyokomaa haiwezi. Wakati wa kutengenezwa ilitupa karibu maji yake yote ya ndani, pamoja na vifaa vya ukarabati, na DNA yake ikafungashwa upya: sehemu kubwa ya protini ziitwazo histoni huondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na protamini, ambazo hubana uzi ule mpaka ukaingia kwenye kichwa chenye urefu wa takriban mikromita tano. Ufungashaji ukiwa mzuri, DNA inasafiri salama. Ukiwa legelege, kila cheche inaipata. Anayeweza kutengeneza baada ya hapo ni yai, na huitengeneza kweli, lakini kwa kiasi chake, na uwezo huo hupungua mwanamke anapoongeza umri.

Kisha daktari akamuuliza mambo ambayo fomu yetu haikuwa nayo. Sigara? Kama kumi kwa siku. Na alikaa siku ngapi bila kujamiiana kabla ya kutoa sampuli? Hapo mume alijibu kwa fahari kidogo: siku 12, mara zote. Fomu ilisema siku mbili hadi saba, yeye akaongeza ili aweke akiba ya kutosha. Mke ndiye aliyekuwa akimhesabia.

Hili limenikaa moyoni kuliko yote. Walifanya kwa upendo na kwa kujinyima, na lilifanya kazi kinyume. Mbegu haziwekwi akiba kama nafaka. Zinapongoja kwenye epididimisi, mrija zinakohifadhiwa baada ya kutoka kwenye korodani, zinaendelea kulowa kwenye zile molekuli kali. Hesabu yake hupanda, ripoti inapendeza, na huku mbegu zenye DNA iliyokatika zinaongezeka.

Kipimo cha kukatika kwa DNA kilitoa asilimia 41. Kwa njia iliyotumika, zaidi ya 30 huhesabiwa kuwa juu.

Uzito wa namba hiyo

Naomba msomaji asikimbilie kipimo hiki. Ziko njia nne au tano za kukifanya, kila moja na mizani yake, na asilimia 41 ya njia moja si asilimia 41 ya nyingine. Miongozo ya Marekani kuhusu ugumba wa wanaume haikipendekezi kama kipimo cha kuanzia kwa kila mtu, nami nakubaliana nayo. Inakipa nafasi pale mimba zinapoharibika mara kwa mara, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 kuhusu mimba zinazoharibika nao unasema kinaweza kufikiriwa. Wenzi wetu walikuwa na mimba mbili zilizotoka na viinitete vilivyosimama. Kwao kilikuwa na kazi.

Namba yenyewe isingetosha. Kilichotushawishi ni kwamba vitu vitatu vilielekeza upande mmoja: viinitete vilikoma siku ile ile, mkono wa daktari ulikuta mishipa, na maabara ikatoa asilimia 41.

Mume alikuwa pia amenunua vidonge vya antioksidanti, chupa nne. Alizileta kwenye mfuko. Mantiki yake inaeleweka: kama oksijeni kali ndiyo inayokata, basi tuizime. Lakini mwaka 2020 yalitoka matokeo ya majaribio mawili ya kitabibu. La kwanza, lililopewa jina MOXI, halikuona antioksidanti zikiboresha mbegu wala uzima wa DNA yake. La pili liliwahusisha wenzi 2,370, wanaume wakapewa zinki na asidi foliki kwa miezi sita. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka, na kukatika kwa DNA kulikuwa juu kidogo kwa waliomeza dawa kuliko kwa wasiomeza. Tulimwambia aache chupa na ashughulikie sigara. Sigara ilikuwa ngumu zaidi, na ilimchukua wiki tisa.

Swali alilouliza

Tulipowaelezea wote wawili, mke alikaa kimya. Mume aliuliza swali ambalo hakuna aliyejiandaa nalo: "Kwa hiyo zile mimba mbili nilizitoa mimi?"

Daktari hakumpa jibu la kumtuliza tu. Alimwambia kwamba karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema, au zaidi, hutokana na makosa ya kromosomu ya kiinitete, mengi yakiwa bahati mbaya ya yai lililokuwa linagawanyika. Tishu za mimba zile mbili hazikupimwa, kwa hiyo sababu yake haitajulikana tena. Ni kweli wanaume ambao wake zao hupoteza mimba mara kwa mara hukutwa na DNA iliyokatika zaidi kuliko wengine, lakini hilo linasema kuhusu kundi, halimwelezi yeye. Kisha akamgeukia mke: "Na wewe, dada, miaka minne umejiuliza swali hilo hilo bila kulisema." Mke akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimeketi pembeni. Siku ile niliona jinsi karatasi iliyoandikwa "kawaida" inavyoamua nani atabeba lawama nyumbani.

Kusubiri

Tulikuwa na njia tatu. Kurudia jaribio mara moja na kuomba bahati. Kuchukua mbegu moja kwa moja kwenye korodani kwa sindano, kwa sababu mbegu za pale huwa na DNA iliyokatika kidogo kuliko zilizopita epididimisi. Au kufunga mishipa ile kwa upasuaji mdogo wa hadubini na kungoja.

Kama mke angekuwa na miaka 40 ningesimamia njia ya pili bila kusita, kwa kuwa miezi anayopoteza yeye hairudi. Kwa 33 na hifadhi nzuri, kulikuwa na nafasi ya kungoja. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya unaruhusu kufikiria upasuaji kwa mwanaume mwenye varikosili na DNA iliyokatika sana pale ambapo majaribio ya IVF yameshindwa au mimba zimetoka. Haungefaa kwa varikosili ndogo inayoonekana kwenye picha ya ultrasound tu, hiyo haifungwi.

Mke ndiye aliyeamua. Alisema, "Sindano nimechomwa mimi miaka yote. Miezi sita ya kungoja sio kitu."

Kungoja kuna hesabu yake. Mbegu hutengenezwa kwa takriban siku 72 hadi 74, kisha huchukua hadi wiki mbili kupita epididimisi. Kupima kabla ya miezi mitatu ni kupima mbegu zilizoanza kutengenezwa kabla ya matibabu. Kwa sababu hiyo hiyo homa kali ya leo inaweza kuharibu ripoti ya mwezi ujao, mgonjwa akiwa ameshasahau kuwa aliugua.

Miezi mitatu baada ya upasuaji: asilimia 29. Miezi sita: 21. Idadi ya mbegu ilipanda kutoka milioni 34 hadi 41, badiliko ambalo peke yake nisingelijali. Walijaribu kwa njia ya kawaida katika miezi hiyo, mimba haikushika. Mwezi wa nane tukafanya jaribio la tatu, safari hii mume akitoa sampuli baada ya siku mbili tu. Mayai saba yalirutubika. Siku ya nne asubuhi nilifungua kabati la joto nikiwa na wasiwasi kuliko kawaida yangu, nikakuta matano yameanza kushikana seli kwa seli, mipaka imefifia, kama inavyotakiwa. Siku ya tano tulikuwa na blastosisti nne.

Ya kwanza tuliyoipandikiza haikushika. Ya pili, iliyokuwa imegandishwa, ilishika, na mtoto akazaliwa wiki ya 39.

Siwezi kusema ni kipi kilicholeta badiliko. Tulifunga mishipa, sigara ikaachwa, siku za kujizuia zikapunguzwa kutoka 12 hadi mbili, na miezi ikapita, vyote kwa pamoja. Tena mayai saba ni machache. Tofauti kati ya viinitete viwili katika 15 na vinne katika saba ni kubwa, lakini bahati nayo ina mkono mrefu kwenye namba ndogo. Kama mwanasayansi ningependa kujua. Kwa wenzi wenye miaka minne ya kungoja, kufanya moja baada ya jingine ili mimi nipate jibu safi kungekuwa ukatili.

Fomu yetu tumeibadilisha. Mstari wa mwisho wa ripoti ya manii hauna tena neno "kawaida". Una namba na maelezo ya kile ambacho kipimo hakikugusa. Kila mume sasa hupimwa kwa mkono kabla ya jaribio la kwanza, na huulizwa alikaa siku ngapi, badala ya sisi kudhani amefuata fomu.

Mwaka jana mume alirudi peke yake. Blastosisti mbili bado zimegandishwa, akataka kujua kama apime tena kabla ya kuzitumia. Nilimwambia hizo zilishaumbwa, kipimo cha leo hakizibadilishi. Akasita mlangoni, kisha akasema ana mdogo wake, ameoa miaka mitatu, ripoti yake wameiita nzuri, na mkewe ameshaandikiwa tarehe ya kamera ya tumbo. Aliuliza kama anaweza kututumia karatasi ile kwa simu tuiangalie.

Nilimwambia karatasi abaki nayo. Mdogo wake aje mwenyewe, kabla ya tarehe ya mkewe.